Mwaka Gani Unakufanya Mwenyeji?

Baada ya kipindi chetu juu ya safari za wakimbizi zilizofutwa Januari 2025, meseji zenu nyingi zilikuwa na swali moja: hii nchi imebadilika lini? Zamani si ilikuwa inapokea watu? Niliahidi kujibu kwa maandishi, kwa sababu jibu langu lina tarehe nyingi, na tarehe zikisomwa kwenye podikasti zinachosha masikio.

Jibu fupi: zamani ipi? Tuchukue miji mitatu tu, ile ambayo wasikilizaji wetu wengi wanakaa: Louisville, Buffalo na Columbus. Kila mmoja una hadithi yake ya wageni na wenyeji, na zote zilianza kabla yetu. Nikimaliza hapo nitavuka mpaka Kivu, maana hadithi iliyotutoa kule inafanana na hizi kuliko wazazi wetu wanavyodhani.

Tuanze na Louisville, Jumatatu tarehe 6 Agosti 1855. Ilikuwa siku ya uchaguzi. Mji ulikuwa umejaa Wajerumani na Waayalandi, wengi wao Wakatoliki. Waayalandi walikuwa wamekimbia njaa kubwa kwao, ile ya viazi kuoza shambani. Kati ya Wajerumani walikuwepo waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Yaani wakimbizi, ingawa hakuna aliyewapa karatasi yenye jina hilo. Walibanana kwenye nyumba za kupanga, walishika kazi ngumu, na walisali kwa lugha zao. Mnawatambua, sivyo?

Kulikuwa na chama kilichokua haraka kwa kuwachukia. Jina lake rasmi lilikuwa American Party, lakini watu waliwaita Know-Nothings, yaani Sijui Kitu. Kilianza kama chama cha siri, na mwanachama akiulizwa habari zake alitakiwa kujibu kwamba hajui kitu. Dai lao kubwa lilikuwa kwamba mgeni asubiri miaka 21 ndipo awe raia, badala ya miaka 5. Kwa nini 21? Walisema mtoto aliyezaliwa hapa anasubiri miaka 21 mpaka apige kura, basi na mgeni asubiri hivyo hivyo. Inasikika kama haki, mpaka ukumbuke kwamba yule mgeni ni mtu mzima tayari, anafanya kazi, na miaka yote hiyo wengine watakuwa wanamtungia sheria.

Kuna jambo moja juu ya Kentucky ya wakati ule ambalo lilinishtua nilipolisoma. Hapakuwa na kura ya siri. Unafika, unasimama mbele ya karani, unataja kwa sauti jina la mtu unayemchagua, na kila aliyepo anasikia. Wale ambao wazazi wenu wametoka Kenya, waulizeni juu ya mlolongo wa 1988, pale wapiga kura walipopangwa foleni hadharani nyuma ya mgombea wanayemtaka. Hayo mambo ni ndugu. Sasa fikiria wewe ni fundi wa bia kutoka Ujerumani. Lafudhi yako inakusaliti hata kabla hujamaliza kutaja jina, na mlangoni wamesimama vijana wenye marungu.

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi wageni walifukuzwa kwenye vituo vya kupigia kura. Mchana mapigano yakaanza mitaani, kiwanda cha bia cha Mjerumani kikachomwa. Usiku umati ukaenda upande wa Waayalandi, barabara ya Main karibu na ile ya 11, wakachoma safu ya nyumba iliyoitwa Quinn's Row. Waliotoka mbio kukimbia moto walipigwa risasi. Waliohesabiwa kufa ni watu 22 au zaidi. Askofu Martin John Spalding aliamini wanakaribia 100.

Mtu wa kuangalia hapa ni mhariri wa gazeti. George D. Prentice wa Louisville Journal alikuwa ameandika kwa miezi juu ya hatari ya wageni na ya Papa wao. Tena kulikuwa na uvumi kwamba makanisa ya Kikatoliki yameficha silaha. Meya John Barbee, ambaye naye alikuwa wa chama hicho hicho, ilibidi aende mwenyewe kukagua kanisa kuu, akatoka akasema hakuna bunduki yoyote, na kanisa likapona. Ninampa heshima yake kwa hilo. Lakini ona tulipofikia: kanisa zima linasubiri mtu mmoja mwenye cheo aseme kwamba uvumi ni uongo.

Watu watano walishtakiwa, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Know-Nothings walichukua kiti cha gavana wa Kentucky mwaka ule ule. Halafu, miaka 10 tu baadaye, mwaka 1865, Louisville ikamchagua meya aliyezaliwa Ujerumani, Philip Tomppert. Sijui mnaisomaje hiyo. Mimi naisoma hivi: hofu ile ilihitaji uchaguzi ili iwake, na chama kile kilipokufa, Wajerumani walikuwa ni majirani tu tena. Prentice naye alikaa kwenye sanamu yake karibu na maktaba kuu ya mji mpaka Desemba 2018, ilipoondolewa. Nimesoma sana kwenye maktaba ile. Kwa miaka nilimwona kama mzee fulani tu aliyekaa kitini.

Buffalo inaingia mwaka uliofuata. Mwaka 1856 chama hicho kilitafuta mgombea wa urais, na kikampata mkubwa wa Buffalo, Millard Fillmore, ambaye alishakuwa rais kuanzia 1850 mpaka 1853. Fillmore alikuwa Ulaya walipomteua, na katika safari hiyo hiyo alienda Roma akapokewa na Papa Pius IX. Yaani mgombea wa chama kinachomwogopa Papa anatoka kupeana salamu na Papa! Wanahistoria wengi wanasema alitaka zaidi kuuzuia muungano usivunjike kwa sababu ya utumwa, na kwamba habari ya wageni haikuwa moyoni mwake sana. Inawezekana. Ila kwa Mkatoliki wa Buffalo tofauti iko wapi? Mwanasiasa anayekuchukia kweli na yule anayeazima chuki ya wenzake ili apate kura wanaishia kwenye karatasi moja. Fillmore alipata zaidi ya moja ya tano ya kura zote za nchi, akashinda jimbo moja tu, Maryland. Mwaka 2020 chuo kikuu cha Buffalo, ambacho yeye alikuwa mkuu wake wa kwanza, kiliondoa jina lake kwenye jengo lililokuwa likilibeba.

Buffalo hiyo hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 580,000 mwaka 1950, ikawa inapungua kila hesabu, mpaka 2010 ilipobaki na 261,310. Mwaka 2020 ikapanda hadi 278,349, mara ya kwanza katika miaka 70. Ukipita Grant Street huhitaji mtaalamu akueleze sehemu ya sababu: Wakongo, Wasomali, Waburundi, watu wa Burma. Nyumba zilizokuwa zimefungwa mbao madirishani zina mapazia sasa.

Na ni Buffalo hiyo hiyo ambako tarehe 14 Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliendesha gari zaidi ya saa tatu, akaingia kwenye duka la Tops la Jefferson Avenue, akaua watu 10, wote weusi. Jina lake siandiki. Aliacha maandishi yanayosema kwamba watu weupe wanabadilishwa, wanaondolewa nafasi zao na wengine. Waliouawa walikuwa Wamarekani weusi, watu ambao familia zao ziko nchi hii kabla ya familia za Wajerumani na Waayalandi wengi wa 1855. Kama kufika mapema kungekuwa ndiko kunakomfanya mtu mwenyeji, wao wangekuwa wa kwanza kuheshimiwa. Kwa hiyo kila mtu akiniambia habari ya nani alitangulia, nakumbuka Jefferson Avenue.

Columbus nitaieleza kwa upande wa lugha, kwa sababu nyie mnaosoma hii mnapigania lugha. Kusini mwa mji kuna mtaa mzuri wa matofali mekundu unaoitwa German Village, watalii wanapenda kupiga picha pale. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Wajerumani wa mtaa ule wakageuka kuwa adui. Bustani ya Schiller, yenye jina la mshairi, ikaitwa Washington. Barabara ya Germania ikawa Stewart, ya Kaiser ikawa Lear, ya Bismarck ikawa Lansing. Vitabu vya Kijerumani vilichomwa. Mwaka 1919 Ohio ikapitisha sheria ya kukataza Kijerumani kisifundishwe chini ya darasa la 8, hata kwenye shule za binafsi na za kanisa. Vita vilikuwa vimeshakwisha! Novemba 1918 bunduki zilinyamaza, halafu ndipo wanaogopa watoto wa miaka 9 kujifunza kusoma.

Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta sheria za namna hiyo tarehe 4 Juni 1923, kwenye kesi ya mwalimu Robert Meyer wa Nebraska, na ile ya Ohio ikaangushwa siku hiyo hiyo. Bustani ikarudishiwa jina la Schiller mwaka 1930. Lakini lugha yenyewe haikurudi nyumbani pamoja na jina. Nenda German Village leo, utapata soseji na bia, utapata kibao chenye jina la mshairi. Mtoto anayeongea Kijerumani na bibi yake, mtafute sana.

Columbus ya leo ina Wasomali wengi kuliko karibu mji wowote wa Marekani ukitoa Minneapolis, na kati yao wapo watu wa Barawa wenye Chimwiini chao, ndugu wa Kiswahili chetu. Tarehe 27 Januari 2017 Somalia iliwekwa kwenye orodha ya kwanza ya nchi zilizozuiwa. Juni 2025 ikawekwa tena, na safari hii Burundi nayo ikapata nusu zuio. Halafu, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Columbus kuna mji wa Springfield, ambao Septemba 2024 ulitajwa kwenye mdahalo wa urais, eti Wahaiti wa pale wanakula mbwa na paka za watu. Maofisa wa mji wakasema hakuna ushahidi. Haikusaidia: shule na ofisi zilipokea vitisho vya mabomu zaidi ya 30. Mwaka 1855 ilikuwa bunduki kanisani, 2024 paka jikoni. Na zote mbili zilikuja wakati wa kura.

Sasa tuvuke bahari, na hapa nataka kwenda pole pole, kwa sababu najua ni nani na nani wanasoma.

Mwaka 1972 sheria ya Zaire iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Tarehe 29 Juni 1981 serikali ya Mobutu ikaibadilisha. Sasa raia alikuwa yule ambaye mababu zake ni wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka tangu tarehe 1 Agosti 1885. Rudia kuusoma mwaka huo. Mwaka 1885 Kongo kama nchi ndiyo kwanza inachorwa, mali ya Leopold II wa Ubelgiji, mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga mpaka kufa kwake. Nani ana karatasi ya babu yake ya 1885? Hakuna. Basi anayeamua nani ni Mkongo ni yule ofisa aliyeko mezani siku hiyo, au kiongozi anayemtuma.

Na ilianza kuua lini? Hamtashangaa. Mwaka 1990 Mobutu alitangaza kuruhusu vyama vingi, na kila mtu akaanza kuhesabu kura. Mwaka 1991 Kivu Kaskazini ikafanyiwa zoezi la kutambua raia, nani aandikwe na nani asiandikwe. Ugomvi wa ardhi Masisi ulikuwa wa zamani, lakini sasa ulikutana na ugomvi wa kura. Mwaka 1993 watu wakaanza kuuana Walikale na Masisi. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito likaamua kwamba Wanyarwanda wa Kivu, na Banyamulenge pamoja nao, ni wageni wa kurudishwa kwao. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa Banyamulenge wiki moja waondoke. Vita vikawaka, na kabla mwaka haujaisha Tanzania ilikuwa imefungua kambi ya Nyarugusu, ambako mimi na wengi wenu tumezaliwa.

Sisemi sheria ya uraia peke yake ilileta vita. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, wauaji waliovuka na wakimbizi, majeshi ya nchi jirani, madini, vyote vimo. Wala sisemi kwamba walioumia ni upande mmoja. Mwisho wa Desemba 1998 huko Makobola waliuawa mamia ya raia, wengi wao Babembe. Tarehe 13 Agosti 2004 huko Gatumba, Burundi, zaidi ya 150 waliuawa ndani ya kambi ya wakimbizi, wengi wao Banyamulenge. Watoto wa misiba hiyo miwili wapo Louisville, wapo Buffalo, wanapanda basi moja la shule. Novemba 2004 Kongo ikatunga sheria mpya: sasa inatosha kwamba kabila lako lilikuwepo nchi ilipopata uhuru, 1960. Mstari ulisogezwa miaka 75 kwa kalamu. Waliokufa kwa ajili ya ule mstari wa kwanza hawakusogea.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazee wetu bado mnasoma, kila wiki, kwamba hawa si Wakongo, wale walikuja juzi. Wanaandika wakiwa Columbus. Wanaandika wakiwa na pasipoti ya Marekani waliyoipata baada ya miaka 5, ile miaka 5 ambayo Know-Nothings walitaka iwe 21. Na jioni ile ile mzee mwingine anakuambia Wahaiti wamezidi, hawakupanga foleni kama sisi. Nikimjibu ananiambia, mwanangu, wewe hukuona tuliyoyaona. Kweli sikuona. Ndiyo maana nasoma.

Kuna kisa kimoja cha karibu ambacho wengi mlikuwa wadogo kukifuatilia. Tarehe 26 Septemba 2019 Rais Trump alitoa amri kwamba wakimbizi wapelekwe tu mahali ambapo jimbo na serikali ya mtaa wamekubali kwa maandishi. Kwa mara moja magavana waliulizwa waziwazi: mnawataka? Gavana wa Ohio, Mike DeWine, Mrepublican, alikubali. Andy Beshear wa Kentucky, Mdemokrati, alikubali. Gavana wa Utah, Mrepublican mwingine, aliomba aletewe zaidi. Texas ikakataa tarehe 10 Januari 2020. Siku tano baadaye jaji Peter Messitte wa Maryland akaisimamisha amri yote.

Nakumbuka watu walivyofurahia zile barua za kukubali, makanisa yalishukuru. Kufurahi kulikuwa na sababu: waajiri walitaka wafanyakazi, wachungaji waliandika, walimu waliandika, na ikaonekana kwamba viongozi wa vyama vyote viwili wanaweza kusikia. Ila mimi barua zile zilinikosesha raha. Mtu akiombwa ruhusa ili wewe uwepo, hata akisema ndiyo kwa tabasamu, ameshapewa uwezo wa kusema hapana. Barua ya 2019 haimfungi gavana wa 2027.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa meseji zenu. Nchi haikubadilika Januari 2025. Kinachobadilika ni nani ameshika kalamu, na mstari anauweka mwaka gani. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na karibu 20,000 walitoka Kongo, wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa mwaka wa 2026 kiwango cha juu kimewekwa 7,500, na kipaumbele wamepewa Waafrikaner, wazungu wa Afrika Kusini. Usimamishaji ulianza kutumika tarehe 27 Januari 2025, na siku hiyo hiyo M23 waliingia Goma na kutangaza kwamba mji ni wao.

Wiki moja kabla, tarehe 20 Januari, ilisainiwa amri nyingine juu ya watoto wanaozaliwa hapa Marekani kwa wazazi wasio na hati, au wenye ruhusa ya muda tu. Tangu 1868 katiba inasema anayezaliwa hapa ni raia. Amri ikasema sivyo tena kwa watoto hao. Majaji waliizuia kabla haijaanza kutumika, lakini nendeni mkaisome, kwa sababu na yenyewe ina tarehe yake ya mstari: waliozaliwa kuanzia tarehe 19 Februari 2025. Aliyezaliwa usiku wa tarehe 18 ni Mmarekani. Mwenzake, kitanda cha pili, aliyechelewa mpaka alfajiri, wa wapi?